MAJI NA MIZANI: KUISOMA KINJEKETILE KUTOKA SHINYANGA NA GEITA

Katika darasa moja la itikadi tulilolifundisha Kahama, mbele ya makada wa kata na wanachuo waliokuwa likizoni, tulisoma tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969. Mada ya siku ile ilikuwa namna fikra za kundi zinavyojengwa na kuelekezwa katika vita. Tulipomaliza maelezo yetu, kijana mmoja aliyewahi kuchimba dhahabu upande wa Geita alisimama akauliza: "Ndugu mkufunzi, kama maji yalikuwa uongo, mbona yaliwaunganisha watu ambao ukweli ulishindwa kuwaunganisha?" Darasa lilicheka, kisha likanyamaza. Tulimpa jibu la haraka, na jibu lile halikumtosheleza yeye wala sisi. Makala haya ni jaribio la kumjibu inavyostahili.

Swali lile linamhusu kila kada. Mtu anayesimama mbele ya umma ili uinuke ufanye jambo ameshika silaha, hata kama mkononi hana kitu. Majeshi yote ya dunia yanajua kwamba askari hapigani kwa bunduki peke yake. Hupigana kwa sababu anaamini jambo fulani, kwa sababu mwenzake wa kulia na wa kushoto wanaliamini, na kwa sababu anaogopa aibu ya kuwaacha. Anayeweza kuigusa imani hiyo anaweza kulikusanya jeshi au kulitawanya. Kwa hiyo hatuna budi kuichunguza silaha hii kama tunavyochunguza silaha nyingine: inafanyaje kazi, inafika umbali gani, na ni lini inamgeukia aliyeishika.

Masomo mawili yasiyotosha

Katika vyuo na shule zetu tamthilia hii imezoea kusomwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya kukejeli. Msomaji husema kwamba wazee wetu wa kusini waliamini kuwa maji yatazigeuza risasi, bunduki za rashasha zikawafundisha, na funzo ni kwamba sayansi hushinda ushirikina. Njia ya pili ni ya kusifu. Msomaji husema kwamba maji yalikuwa alama tu ya umoja, umoja ulipatikana, basi hakuna haja ya kuuliza zaidi.

Njia hizi zote mbili zinakwepa kazi. Anayekejeli anashindwa kueleza jambo moja kubwa la historia. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, yule mtu wa historia, alinyongwa na Wajerumani Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya watu wa Nandete, Umatumbi, kung'oa pamba na vita kuanza. Mwisho wa mwezi huohuo wapiganaji waliikabili boma ya Mahenge, wakafyekwa kwa bunduki za rashasha. Tangu siku zile kila aliyekuwa na macho aliweza kuona kwamba risasi hazigeuki maji. Hata hivyo vita havikwisha. Watu waliacha kushambulia maboma waziwazi, wakaingia porini, wakavizia. Huko Liwale Abdalla Mapanda aliendelea kupigana hadi mwaka 1907. Ikiwa kilichowainua watu kilikuwa maji peke yake, ni kitu gani kilichowashikilia baada ya maji kushindwa? Walishikiliwa na kazi za shuruti katika mashamba ya pamba, kodi, viboko na njaa. Sababu ya vita ilikuwepo kabla ya maji, na ilibaki baada yake.

Anayesifu naye anakataa kuhesabu. Wajerumani wenyewe walikadiria kwamba watu 75,000 walikufa. Wanahistoria wa baadaye wamekadiria kati ya 250,000 na 300,000, walio wengi wakiwa wameuawa na njaa baada ya majeshi ya Gavana Götzen kuchoma vyakula na mashamba. Mkakati hauwezi kusifiwa kwa umoja uliouleta bila kuulizwa umoja huo ulipelekwa wapi.

Tamthilia inasema nini

Ebrahim Hussein hakuwa mwandishi wa njia rahisi. Yeye mwenyewe aliwaeleza wasomaji wake kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe cha sanaa, wala si mtu yule wa historia. Tofauti hiyo ina maana, kwa kuwa mwandishi alitaka kuweka jukwaani tatizo la uongozi.

Mchezo unaanza kwenye njaa, katika maongezi ya wanawake wasio na chakula kwa sababu nguvu za waume zao zinaishia katika shamba la Mjerumani. Wanaume wanataka kupigana lakini kila kabila linamtazama jirani yake kwa mashaka. Ndipo Kinjeketile anapoingia mtoni na kutoka na maji. Ghafla mashaka yanaisha. Mmatumbi, Mzaramo na Mngindo wanakaa pamoja. Kitunda anapewa kazi ya kuwafundisha vita.

Kuanzia hapo mwandishi anafunga fundo lake. Kinjeketile mwenyewe anaingiwa na shaka. Anagundua kwamba ndani ya ujumbe aliouleta mna maneno ya kuwafanya watu wawe wana wa Seyyid Said, yaani kumtoa mtawala mmoja ili aingie mwingine. Anataka watu wangoje. Lakini watu hawawezi tena kungoja, kwa kuwa neno limekwisha kumpita aliyelisema. Mtu pekee ambaye angeweza kulisahihisha ndiye ambaye neno hilo limemnyang'anya uwezo wa kulisahihisha. Mwishoni, akiwa kifungoni pamoja na Kitunda, anatakiwa atamke kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, kwa sababu anajua adui atalitumia tamko hilo kuwaambia watoto wetu kwamba hata kupigania haki kulikuwa kosa.

Msomaji wa haraka hulia na shujaa hapo. Sisi tunasema kwamba hapo ndipo kada anapotakiwa kuketi na kufikiri. Kinjeketile amebanwa kati ya mambo mawili mabaya: akisema kweli anaua mapambano, akinyamaza anawaacha watu wafe kwa uongo. Mtu hafiki mahali hapo siku ya mwisho. Alifika siku ile ya kwanza, umoja ulipojengwa juu ya jambo lisiloruhusiwa kuulizwa.

Silaha hii inafanyaje kazi

Tusidhani kwamba haya ni mambo ya kusini peke yake. Sisi tunaoishi Usukumani tumekua na elimu ya kukusanya watu. Baada ya mavuno vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi zaidi upande wake. Manju hutumia dawa ya samba, hutumia nyimbo, hutumia nyoka au kituko kipya ambacho mpinzani hakukitazamia. Mzee yeyote atakuambia kwamba watu hukimbilia kule ambako watu wanakimbilia. Kikundi kikianza kupoteza watazamaji, watazamaji wenyewe huongeza mbio kwenda upande wa pili. Hiyo ndiyo saikolojia ya kundi, na wazee wetu waliifahamu kabla haijaandikiwa vitabu.

Katika Maji Maji kazi hiyo ilifanyika kwa mpango. Habari zilipita kwanza kwa minong'ono ya siri iliyoitwa Jujila. Kisha watu waliitwa Ngarambe, na wajumbe walioitwa hongo wakayabeba maji kuyapeleka mbali. Pamoja na maji kulikuwa na miiko, kama vile kujitenga na wanawake na kutopora mali. Tuichunguze miiko hii kwa jicho la mwanajeshi. Jeshi lisilopora na lisilotawanyika usiku ni jeshi lenye nidhamu. Dawa ilifanya kazi ambayo majeshi mengine yanaifanya kwa gwaride na adhabu.

Lakini miiko hiyohiyo ina upande wa pili. Mpiganaji akipigwa risasi, jibu liko tayari: alivunja mwiko. Kwa hiyo kila kifo, badala ya kuwa ushahidi kwamba mbinu ina kasoro, kinakuwa ushahidi kwamba marehemu ana kasoro. Jeshi la namna hiyo haliwezi kujifunza.

Jambo hili lilionekana tena Kongo. Mwaka 1964 wapiganaji wa Simba, waliopakwa dawa na kunyunyiziwa maji, waliteka sehemu kubwa ya mashariki, na mwezi Agosti waliingia Stanleyville. Mara nyingi askari wa serikali walikimbia kabla ya kupigana, kwa kuwa nao waliamini dawa ileile. Walipokuja mamluki na askari wa miamvuli wa Kibelgiji, ambao hawakuiamini, dawa ilikosa mtu wa kumtisha. Che Guevara, aliyevuka Ziwa Tanganyika kutokea Kigoma mwaka 1965, aliandika kwa uchungu jinsi dawa ilivyokuwa ikiwazuia wapiganaji kutafuta sababu halisi za kushindwa kwao. Zaidi ya miaka 20 baadaye, mwaka 1987, wafuasi wa Alice Lakwena walitembea wakiwa wamepakwa mafuta kutoka kaskazini ya Uganda hadi karibu na Jinja, wakiwa na miiko yao mirefu, na huko wakavunjwa. Nchi zilikuwa tofauti na malalamiko yalikuwa tofauti, lakini mlango uliofungwa ulikuwa uleule.

Nyumbani kwetu: filimbi na mshale

Sasa turudi Shinyanga. Vita vya Kagera vilipokwisha mwaka 1979, silaha zilizagaa, wizi wa ng'ombe ukawa wa kutumia bunduki, na polisi walikuwa wachache na mbali. Katika miaka ya 1981 na 1982, katika vijiji vya Kahama na Nzega, wananchi walijipanga wenyewe. Wengine waliwaita Basalama, yaani watu wa amani. Jina lililoenea ni Sungusungu. Walikuwa na ntemi, mtwale, katibu na kamanda. Walikuwa na filimbi, upinde na mishale. Mwano ukipigwa usiku, kila mwanamume mwenye nguvu alitoka, na kijiji kilichofuata kilipokea na kupeleka mbele. Walikuwa pia na dawa. Asiyeitikia mwano alitengwa: hapewi moto, hapewi maji, hazungumzishwi.

Huu ni mkakati halisi wa kijeshi uliobuniwa na wakulima na wafugaji. Mwizi mwenye bunduki ana risasi chache na anategemea hofu. Yeye hushinda kwa sababu kila nyumba inamwogopa peke yake. Filimbi ilikomesha upweke huo. Hofu ilihama kutoka nyumbani kwa mwenye ng'ombe ikamwingia mwizi. Wizi ulipungua sana, na Mwalimu Nyerere alisimama upande wa wanakijiji wakati baadhi ya watumishi wa dola walipotaka kuwavunja. Mwaka 1989 sheria ya mgambo ilirekebishwa, nao wakapewa nafasi ndani ya sheria.

Hata hivyo hatutakuwa wakweli tukiishia kwenye sifa. Baadhi ya makundi hayo, yaliposhiba ushindi juu ya wezi, yaligeukia maadui wasiokuwa na ng'ombe wala bunduki. Bibi kizee mwenye macho mekundu, yaliyoharibiwa na moshi wa miaka 40 ya kupika, aliitwa mchawi. Hakuwa na mtu wa kumuuliza mshitaki wake umejuaje. Nguvu ileile iliyomtoa mwanakijiji nje usiku kumkabili mwizi ilimtoa nje kumkabili jirani yake. Mwizi huonekana na ng'ombe na hukamatwa na kamba mkononi. Mchawi huonekana na nini?

Baadaye yalikuja mabaya zaidi. Kati ya mwaka 2007 na 2009 ndugu zetu wenye ualbino waliuawa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, yakiwemo maeneo ya machimbo, kwa sababu uvumi ulidai kwamba viungo vyao huvuta dhahabu na samaki. Mwezi Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu 3 kwa kumuua mtoto mmoja wa Bukombe. Minong'ono ilipita kama Jujila ilivyopita, kutoka mdomo hadi sikio, lakini safari hii haikubeba sababu yoyote ya ukombozi. Ilibeba tamaa ya wachache na umaskini wa wengi. Tunaliambia darasa letu bila kuficha: umma uliozoezwa kuamini bila kuuliza hauchagui wa kumwamini. Leo atamsikiliza mkombozi, kesho atamsikiliza muuaji.

Mizani

Je, basi kijana wetu alikuwa na haki? Je, ukweli hauwezi kuunganisha? La hasha. Unaweza, na ushahidi uko Geita kwao.

Kabla ya uhuru wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walikuwa wakiibiwa kwenye mizani ya wanunuzi. Kila mmoja aliibiwa peke yake na kila mmoja alilalamika peke yake. Mapambano yao yalianza na jambo dogo: kuweka mpimaji wao wenyewe wa kuhakikisha uzito. Mtu alileta pamba, akaona uzito kwa macho yake, akalinganisha na ule wa mnunuzi. Kutokana na tofauti ile vikazaliwa vyama vya ushirika, ambavyo katika miaka ya 1950, chini ya uongozi wa Paul Bomani, viliungana katika shirikisho kubwa la Victoria.

Ukoloni uliliona jambo hilo. TANU, iliyozaliwa tarehe 7 Julai 1954, ilizuiwa kufanya kazi Usukumani hadi mwaka 1958. Mwaka huohuo wa 1958 watu wa Geita walilikataa baraza la wilaya la mseto wa rangi lililoletwa na serikali ya kikoloni bila ridhaa yao. Umati mkubwa ulikwenda Mwanza kuonana na mkuu wa jimbo, ukapiga kambi siku kadhaa bila silaha. Walitawanywa kwa mabomu ya machozi. Lakini mpango wa baraza lile haukudumu, na zuio la Chama likaondolewa.

Hatujui dawa yoyote iliyodai kuyageuza mabomu ya machozi. Watu wale walikwenda wakijua kwamba wanaweza kupigwa, na walijua wanataka nini. Walipotawanywa hawakupoteza imani, kwa kuwa imani yao haikuwa imewaahidi kwamba hawatatawanywa.

Vita vya Kagera vinatupa kipimo kingine. Tarehe 2 Novemba 1978 Mwalimu aliwaeleza Watanzania kwamba Amin atapigwa, akaweka mambo matatu: uwezo, sababu na nia. Tumezoea kuyakariri hata hatuyasikii. Kiongozi anayetaka kuwasha hasira tu angetosheka na sababu na nia. Yeye aliutaja pia uwezo, yaani jambo linalohesabika. Kisha nchi ikaanza kuhesabu: magari, chakula, mgambo. Jeshi lililokuwa chini ya watu 40,000 likapita 100,000.

Wala tusidhani kwamba haki yetu iliondoa hofu. Mwezi Machi 1979, karibu na Lukaya, roketi za Walibya waliokuja kumsaidia Amin ziliirukia Brigedi ya 201, iliyokuwa na wanamgambo wengi, zikaanguka nyuma yao. Mlio peke yake uliwatosha wengi kukimbia. Huo ndio ubinadamu. Lakini makamanda hawakutafuta nani amevunja mwiko. Waliwakusanya watu, wakaangalia ramani, brigedi nyingine ikazunguka ubavuni mwa adui, na usiku uliofuata adui akavunjwa. Tarehe 11 Aprili Kampala ilitekwa. Askari wa Amin nao walikuwa na hofu yao: mizinga yetu ya roketi waliipa jina la Saba Saba, na jina hilo lilikimbiza watu kabla ya roketi kufika.

Upungufu wa tamthilia

Kutokana na hayo tunathubutu kumkosoa Ebrahim Hussein, kwa heshima anayostahili. Amelibeba tatizo lote na kuliweka katika kifua cha mtu mmoja. Umma wake unaonekana ukiwa na mashaka, kisha unaonekana ukiwa na imani, lakini kazi ya kutoka hapa kwenda pale inafanywa na mto. Kitunda, mtu wa mafunzo, anabaki kivulini, ilhali yeye ndiye aliyekuwa na njia ya tatu: kumfundisha kila mpiganaji kutazama, kuhesabu na kurudi nyuma inapobidi. Wanawake wanaofungua mchezo kwa kusema ukweli wa njaa hawapewi nafasi ya kuuliza swali siku ya vita. Pengine kama wangepewa, tungesikia mtu akiuliza bunduki za boma ni ngapi.

Lakini upungufu huu ndio unaoifanya tamthilia ifae darasani. Imetupa tatizo bila kutupa jibu, na kazi ya kutafuta jibu ni yetu.

Wajibu wa kada

Kwa yule ndugu yetu mchimbaji tunajibu hivi. Ni kweli maji yaliunganisha upesi, na mizani iliunganisha polepole. Wewe mwenyewe unajua habari ya mizani, kwa kuwa umesimama mbele ya mnunuzi wa dhahabu ukitazama kama kidole chake kiko juu ya sahani. Siku ile hukuhitaji mtu wa kukuambia uamini. Ulihitaji mizani ya pili na mwenzako wa kusimama nawe.

Kada anayekwenda kijijini au machimboni ana njia hizo mbili. Anaweza kuchukua hofu na tamaa zilizopo, akazipaka jina la Chama, na mkutano wake ukajaa jioni hiyohiyo. Au anaweza kuanza na jambo ambalo kila mtu anaweza kulipima mwenyewe. Kabla ya kusimama ajiulize maneno matatu. Je, ninayoyasema yanaweza kuhakikiwa na anayeyasikia? Je, anayeuliza swali atalindwa au atatengwa? Je, tukishindwa kesho, tutaweza kuambiana kwa nini?

Akiweza kuyajibu, apige filimbi, na watu watatoka. Asipoweza, na akae kwanza na wenzake, afanye kazi ambayo Kinjeketile hakupewa muda wa kuifanya.